Kuchagua Kufuli la Pikipiki: Anza na Mahali Utakapoifunga

Asubuhi moja, miaka kadhaa iliyopita, mdogo wangu alifungua mlango wa chumba alichopanga Mbagala, Dar es Salaam, akakuta gurudumu la mbele la pikipiki yake limeegemea nguzo ya baraza, likiwa bado limefungwa kwa mnyororo kama alivyoliacha usiku. Kufuli lilikuwa zima na mnyororo haukuwa na hata mkwaruzo. Wezi walikuwa wamefungua nati ya ekseli kwa spana, wakaliacha gurudumu na kuondoka na sehemu yote iliyobaki. Ilikuwa pikipiki ya mkataba, na alikuwa amebakiza miezi minne ya kupeleka hesabu kwa tajiri wake kabla ya kadi kuandikwa jina lake. Alimaliza kulipa miezi hiyo akiwa anatembea kwa miguu.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kufuli alilokuwa nalo halikuwa baya. Kosa lilikuwa kwamba lilishika kitu kisicho sahihi. Watu wengi huingia dukani wakiuliza kufuli lipi ni imara kuliko mengine, na muuzaji huwaonyesha lile lenye boksi zuri zaidi, ilhali swali la kwanza linapaswa kuwa jingine: pikipiki itafungwa kwenye nini, na mnyororo utapita wapi katika mwili wake? Ukishajibu hilo, zaidi ya nusu ya uchaguzi imekwisha.

Sababu yake ni uzito. Pikipiki nyingi tunazotumia, kama Boxer na TVS zenye injini ya cc 100 hadi 150, zina uzito unaokaribia kilo 100 au kuuzidi kidogo. Watu wawili au watatu wenye nguvu huinyanyua pikipiki ya namna hiyo na kuipakia kwenye kirikuu kabla jirani hajavaa viatu. Kwa hiyo kufuli linalozuia gurudumu lisizunguke, au loki ya usukani inayozuia isikatwe kona, humzuia tu yule anayetaka kuipanda au kuisukuma. Anayekuja na gari halimhusu. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kwa chombo chepesi namna hii, kinga ya kwanza ni kukiunganisha na ardhi, na mengine yote hufuata baada ya hapo.

Kwa nyumbani, njia bora ninayoifahamu ni kuzika kishikizo cha chuma kwenye zege. Mpelekee fundi nondo ya milimita 20 au 25 aipinde kwa umbo la U, na ncha zake mbili azikunje kuelekea nje kama miguu, ili hata zege likipasuka kidogo nondo isichomoke. Chimba shimo la kina cha sentimita 40 hivi, changanya saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano wa 1:2:4, na uache juu ya sakafu nafasi ndogo tu inayotosha mnyororo kupita. Subiri angalau wiki moja kabla ya kuanza kuitumia, huku ukimwagia maji kila siku, kwa maana zege huendelea kupata nguvu yake hadi siku ya 28. Nondo ya kawaida haijakomazwa, yaani haijafanywa ngumu kwa moto, hivyo unene wake ndio unaoitetea, na kuokoa shilingi chache kwa kununua ya milimita 12 ni kujidanganya. Uchague kona ambayo pikipiki yenyewe, ikishaegeshwa, inaziba njia ya kukifikia kishikizo. Mkasi mkubwa wa kukatia vyuma una mikono mirefu inayohitaji nafasi ya kufunguka, na mwizi aliyebanwa kati ya ukuta na ekzosi ya pikipiki hana nafasi hiyo.

Mpangaji hawezi kuchimba sakafu ya mwenye nyumba bila ruhusa, lakini ninashauri aiombe, kwa kuwa wenye nyumba wengi hukubali wakielezwa kwamba kishikizo kitabaki kuwa mali ya nyumba. Ikishindikana, aiingize pikipiki ndani, au aifunge kwenye nguzo ya zege inayobeba paa. Nondo za dirisha nazo hutumika sana, ila zikague kwanza: nyingi zimeshikwa na skrubu fupi kwenye fremu ya mbao, na mtu mwenye mtaimbo huzing'oa zote kwa pamoja. Nguzo fupi isiyo na kitu juu yake haifai, kwa kuwa mnyororo hunyanyuliwa ukapitishwa juu. Kijiweni au sokoni, ambako hakuna cha kufungia, madereva wanaoaminiana wanaweza kupitisha mnyororo mmoja kwenye pikipiki tatu au nne. Mzigo wa kilo mia nne haunyanyuliwi kirahisi.

Sasa chukua kamba ya kupimia urefu wa mnyororo utakaonunua. Ifunge kwenye kishikizo, ipitishe kwenye gurudumu la nyuma na kwenye uma wa chuma unaolishika gurudumu hilo, au vizuri zaidi kwenye uwazi wa fremu ikiwa pikipiki yako inao, kisha irudishe mahali ilipoanzia. Usiridhike na gurudumu peke yake, hata la nyuma, kwa sababu gurudumu hufunguliwa, na rimu za spoku huachana na kitovu chake spoku zikikatwa. Fremu ndiyo yenye namba ya chesisi, na fremu ndiyo unayotaka kuikuta asubuhi. Kamba ikishazunguka vizuri, ongeza urefu wa kiganja kimoja, ikate, na uende nayo dukani. Kwa kawaida utapata kati ya mita moja na mita moja na nusu. Mnyororo mrefu kupita kiasi hulala chini, na mnyororo uliolala sakafuni unaweza kuwekwa juu ya jiwe na kupigwa nyundo, au kushikiliwa na mwizi kwa mguu ili apate nguvu ya kukata. Unapaswa kuning'inia hewani ukiwa umekaza kiasi, pamoja na kufuli lake.

Katika kuchagua mnyororo, unene ni jambo la kwanza, na hapa wanunuzi hudanganywa sana kwa sababu minyororo mingi ya pikipiki huvishwa soksi ya kitambaa au plastiki ili isikwaruze rangi. Soksi ni nzuri, lakini huweza kuficha pingili nyembamba. Muombe muuzaji ruhusa, ivute nyuma, na upime pingili kwa spana. Dereva yeyote ana spana namba 10, 13 na 17 kwenye mfuko wake wa vifaa, na namba hizo ni milimita za uwazi wa mdomo wa spana. Spana namba 10 ikipita kwenye pingili kwa kulegea, mnyororo huo haujafika milimita 10, hata kama boksi linasema 12. Mimi sinunui mnyororo ulio chini ya milimita 10 kwa kazi yoyote, na kwa usiku nyumbani ninataka milimita 13 au 16. Tofauti hizo zinaonekana ndogo kwa macho, lakini chuma cha kukatwa huongezeka haraka: pingili ya milimita 16 ina chuma mara mbili na nusu ya ile ya milimita 10. Mkasi mkubwa wa mkono, ule wenye urefu unaokaribia mita moja, hukata mnyororo wa kawaida wa milimita 10, lakini hushindwa na wa milimita 16 uliokomazwa vizuri.

Neno kukomazwa lina uzito. Mnyororo wa kuvutia ng'ombe au wa kufungia geti, hata ukiwa mnene, kwa kawaida ni wa chuma laini ambacho msumeno wa kawaida hukikata. Mnyororo wa usalama hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na madini mengine, kikapashwa moto na kupoozwa kwa utaratibu maalumu ili kiwe kigumu. Kuna jaribio moja rahisi: chukua tupa ndogo, uipitishe kwenye pingili ya mwisho mahali pasipoonekana. Ikiuma na kuacha unga wa chuma, hicho ni chuma laini. Ikiteleza kama inapita juu ya kioo, uso wake umekomazwa. Jaribio hilo halikuambii kina cha ugumu huo, kwa maana wapo watengenezaji wanaokomaza ngozi ya juu tu, lakini litakuepusha na bidhaa nyingi za uongo. Muuzaji anayekataa hata ujaribu pingili moja amekupa taarifa ya kutosha.

Angalia pia umbo. Pingili za mraba au za pembe sita humsumbua mwenye mkasi kuliko za mviringo, kwa kuwa meno ya mkasi hayapati pa kushika vizuri. Pingili fupi zenye uwazi mdogo ni bora kuliko ndefu, kwani ndani ya uwazi mdogo hakuingii mtaimbo wala bolti ya kupasulia. Kama mnyororo una pete moja kubwa mwishoni, upitishe mnyororo wenyewe ndani ya pete hiyo ufanye kitanzi kwenye uma au fremu. Utaokoa urefu, na kufuli litabaki upande wa kishikizo, mbali na mikono ya watu.

Nina onyo ambalo sijalisikia likitolewa mara nyingi dukani. Usimpelekee fundi wa kuchomelea mnyororo uliokomazwa ili akuongezee pingili au akuwekee pete. Moto wa kuchomelea huondoa ugumu wa chuma katika sehemu yote uliyofika, na ile pingili iliyochomelewa, pamoja na jirani yake, hurudi kuwa chuma laini ndani ya mnyororo uliougharamia. Ukihitaji mrefu zaidi, nunua mrefu zaidi.

Kuhusu kufuli linalofunga mnyororo huo, kanuni ni kwamba upinde wake, yaani kile chuma kilichopinda kinachopita kwenye pingili, usiwe mwembamba kuliko pingili. Nimeona mara nyingi mnyororo wa milimita 12 umefungwa kwa kufuli dogo la geti lenye upinde wa milimita 7, na mwizi hahitaji hata kuutazama mnyororo. Pendelea kufuli ambalo mabega yake yamepanda juu yakaufunika upinde, likiacha uwazi unaotosha pingili mbili tu. Upinde uwe umeshikwa pande zote mbili ndani ya kufuli, na ushikwe kwa gololi badala ya ulimi wa springi, kwa sababu ulimi wa springi husukumwa kwa kipande chembamba cha bati. Namna ya kuugundua ni kuangalia ndani ya mashimo ya upinde kufuli likiwa wazi, au kulijaribu: kufuli linalojifunga lenyewe ukilibana bila ufunguo mara nyingi ni la ulimi, ingawa si mara zote. Shaba haishiki kutu na ni nzuri kwa ukanda wa pwani, lakini ni laini. Nenda na sumaku ndogo mfukoni, kwani sumaku ikinata kwenye mwili wa kufuli unaoitwa wa shaba, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Tundu la ufunguo nalo lina historia yake. Mwaka 2004 ilibainika Marekani kwamba makufuli ya Kryptonite yenye ufunguo wa mviringo, ule unaofanana na kimrija, yaliweza kufunguliwa kwa mwili wa kalamu ya plastiki, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja wake. Kampuni kubwa ziliachana na muundo huo, lakini makufuli ya bei ndogo yenye ufunguo wa kimrija bado yapo sokoni, hasa ya diski. Mimi siyagusi. Chagua ufunguo bapa wenye mikato mingi, au ule wa silinda ya visahani vinavyozunguka, ambao ulibuniwa Finland mwaka 1907 na Emil Henriksson, baadaye ukajulikana kwa jina la Abloy, na hauna springi za kuchakaa. Silinda hiyo huvumilia vumbi vizuri, na barabara zetu zina vumbi.

Boksi likiwa na alama ya Sold Secure ya Uingereza, asasi iliyoanzishwa mwaka 1992, au nyota za ART ya Uholanzi, maana yake ni kwamba kufuli lilijaribiwa na watu wasiolitengeneza. Sold Secure hupanga madaraja kuanzia Shaba, Fedha, Dhahabu hadi Almasi. ART huhesabu nyota 1 hadi 5. Alama hizo hukutana nazo kwa nadra katika maduka ya Kariakoo, na ukizikuta, hakiki jina la kufuli kwenye orodha ya asasi husika mtandaoni kabla ya kulipa. Usichanganye alama hizo na maandishi kama "kiwango cha usalama 10" ambayo kampuni hujipa yenyewe. Kumi ya kampuni moja hailingani na kumi ya nyingine.

Kufuli la diski linapendwa kwa sababu ni dogo na halisumbui kubeba. Kabla ya kulinunua, inama uangalie gurudumu la mbele: Boxer na TVS nyingi zina breki za dramu, na hapo kufuli la diski halina pa kukaa kabisa. Kama diski ipo, hakikisha pini ya kufuli inapita kwenye matundu yake, kwani pini huwa na vipenyo tofauti, na ile nene ndiyo bora. Tumia kamba ya rangi kali kutoka kwenye kufuli hadi kwenye mkono wa usukani ili ikukumbushe, kwa maana kuondoka huku diski imefungwa humwangusha dereva na kuvunja kifaa cha breki. Kwangu hili ni kufuli la dakika kumi, la mtu anayeingia dukani na kutoka, na lile lenye king'ora ndani lina faida zaidi hapo kuliko nyumbani usiku.

Kufuli la umbo la U ni gumu kuvunjwa likiwa dogo na limejaa, yaani pasiwe na uwazi wa kuingiza jeki au mtaimbo. Tatizo lake ni ufupi: mara nyingi halifiki kwenye kitu chochote nje ya pikipiki. Waya wenye plastiki, hata ule mnene kama kidole gumba, ni nyuzi nyembamba zilizojazwa plastiki, nao ufungie kofia ngumu tu.

Loki ya usukani itumie kila mara, kwa kuwa umeshailipia, ila usiihesabu kuwa kinga, kwani huvunjwa kwa nguvu ya mwili. Linalonisumbua zaidi ni ufunguo wa swichi. Pikipiki za mkataba hupita mikononi mwa madereva wengi, na kila mmoja anaweza kuwa alichonga nakala. Ukinunua pikipiki iliyotumika, au ukibadilisha dereva, badilisha seti nzima ya loki. Gharama yake ni ndogo kulinganisha na wasiwasi wa kutojua nani ana ufunguo wako. Fundi umeme mwaminifu anaweza pia kukuwekea swichi ya siri inayokata moto, mahali unapopajua wewe peke yako. Kufunga koki ya mafuta nako kuna faida ndogo ya kweli, kwa kuwa injini huzimika baada ya mwendo mfupi, mafuta yaliyobaki kwenye kabureta yakiisha. Kifaa cha GPS ni kizuri kwa kufuatilia, mradi kina betri yake na laini yake ina salio, lakini kinaanza kazi baada ya wizi kutokea, hivyo kinunue baada ya mnyororo.

Bajeti yangu ni kati ya asilimia 5 na 10 ya thamani ya chombo. Kwa pikipiki ya shilingi milioni tatu, hiyo ni laki moja na nusu hadi laki tatu kwa mnyororo, kufuli na kishikizo. Najua kwa dereva wa mkataba hizo ni hesabu za siku nyingi, na kwa maoni yangu tajiri ndiye anayepaswa kuzitoa, kwa kuwa chombo bado ni chake. Jambo hilo liandikwe kwenye mkataba, pamoja na nani anabeba hasara wizi ukitokea. Bima ndogo hailipi wizi. Bima kubwa inaweza kulipa, na baadhi ya kampuni huuliza pikipiki ilikuwa imefungwaje.

Mnyororo mzito si lazima usafiri nao. Mita moja ya milimita 16 ina uzito wa kilo tano au zaidi, kwa hiyo uache umefungwa kwenye kishikizo chake nyumbani, na ubebe mwepesi zaidi kwa ajili ya mchana, ukiwa umefungwa kwa mpira kwenye keria. Usiuzungushe kiunoni wala kifuani: ukianguka, pingili zile ndizo zitakazokuvunja mbavu. Wala usiutundike kwenye usukani.

Lazima niseme pia kwamba grenda ya betri hukata kila nilichokitaja hapa. Mnyororo mnene humlazimisha mwenye nayo apige kelele na kurusha cheche kwa muda mrefu zaidi, na muda huo ndio unaonunua. Vilevile kufuli halimsaidii dereva anayekodiwa usiku na abiria mwenye nia mbaya. Hilo linahitaji mazungumzo yake mwenyewe.

Ukishafunga kila kitu, piga picha kadi ya pikipiki, namba ya chesisi, namba ya injini na alama zozote za pekee, uzihifadhi nje ya simu unayotembea nayo, ili ukifika kituo cha polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yako, usibaki kukumbuka herufi za MC za namba ya usajili peke yake. Ufunguo wa akiba wa kufuli ukae kwa mtu unayemwamini, usiwe kwenye kibanio kimoja na ule unaoutumia. Kila mwezi, na kila wiki kwa walio karibu na bahari Tanga, Dar es Salaam au Unguja, futa kufuli chumvi na vumbi, kisha tia unga wa risasi ya penseli kwenye tundu la ufunguo badala ya oili ya injini, ambayo hukusanya mchanga na kugandisha pini. Unapofunga, geuza tundu litazame chini ili mvua isiingie. Ufunguo ukianza kukwama hata baada ya hapo, badilisha kufuli wiki hiyohiyo, kabla halijakulazimisha ulale usiku mmoja bila kulifunga.